Posa iliyorudishwa: Nani aliyetufundisha kuhesabu damu?

MIEZI mitatu iliyopita nilivaa kanzu, nikachukua bakora ya marehemu baba yangu na kuongozana na wazee wenzangu wawili kupeleka barua ya posa. Kijana anayetaka kuoa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ni mwalimu wa sekondari, anaswali, halewi, na anamtunza mama yake. Binti naye amesoma na ameridhia. Nyumba tuliyokwenda haiko mbali na kwetu. Msikiti tunaoswali ni mmoja na mazishi tunazikana.

Tulipokewa vizuri, ikaletwa kahawa na haluwa. Mzee mmoja wa upande wa pili akauliza kwa upole kabisa: "Samahani wazee wenzangu, kijana huyu asili yake ni wapi?" Nikamjibu kwamba mama yake ni wa kwetu, Kilwa Kivinje, na baba yake ni Mngindo wa Liwale. Mzee akamtazama mwenzake. Barua ikapokewa, lakini baada ya siku nne ikarudishwa pamoja na fedha yake na ujumbe mfupi: "Kijana ni mzuri na dini yake hatuna shaka nayo. Lakini sisi ni watu wa asili ya Uarabuni, tunaozana sisi kwa sisi."

Nilikasirika sana. Nikaenda kwa shemeji yangu, baba wa kijana, nikidhani nitamkuta amefura kuliko mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo na kusema: "Shemeji, maneno ni yale yale. Mwandiko tu ndio umebadilika."

Nikanyamaza. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita yeye mwenyewe alileta posa nyumbani kwetu kumtaka dada yangu, na familia yetu ilimkataa kwa sababu sisi ni Washirazi na yeye ni mtu wa bara. Barua ya kumkataa niliiandika mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri pale nyumbani. Dada alishikilia msimamo wake, na baada ya miezi kadhaa baba akalegeza. Shemeji hakuwahi kunikumbusha barua ile hata siku moja, mpaka siku hiyo.

Ndugu msomaji, siandiki makala hii kuwashitaki majirani zangu. Naandika kwa sababu nimejikuta nikiulizwa kwa swali langu mwenyewe. Hivi tunaposema "asili", tunasema nini hasa? Ni kitu kilichomo katika damu ya mtu, au ni hesabu tuliyoipiga sisi? Nimejaribu kusoma wanachosema wataalamu wa anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na jamii zake, na ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaelewa.

Mipaka isiyokuwepo

Elimu hii yenyewe ilianza vibaya. Mwaka 1795 msomi wa Kijerumani, Johann Friedrich Blumenbach, aliwagawa binadamu wote katika makundi matano. Waliomfuata wakaongeza daraja: nani juu, nani chini. Huko Philadelphia, Marekani, daktari Samuel Morton alikusanya mafuvu ya watu wa mataifa mbalimbali, akayajaza mbegu na baadaye risasi ndogo ndogo za bunduki ili kupima ukubwa wa ubongo na kuyapanga mataifa kwa ubora. Kitabu chake cha mwaka 1839 kilisomwa kama elimu safi, na watetezi wa utumwa wakakifurahia.

Walioibomoa elimu hiyo walitoka humo humo katika taaluma. Franz Boas, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha New York, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba tabia na utamaduni wa mtu hutokana na malezi na historia, si sura ya fuvu. Baada ya vita vya Hitler, UNESCO ilitoa tamko la mwaka 1950 kupinga itikadi ya ubora wa rangi. Mwaka 1972 Richard Lewontin, mtaalamu wa elimu ya urithi, akafanya hesabu ambayo bado inatajwa hadi leo. Aligundua kwamba katika tofauti zote za kurithi zilizopo baina ya wanadamu, takriban asilimia 85 zinapatikana ndani ya kundi moja moja. Maana yake ni kwamba Wangindo wawili wa kijiji kimoja wanaweza kutofautiana kwa mengi yaliyofichika mwilini kuliko yale machache yanayolitofautisha kundi lao na Waarabu.

Rangi ya ngozi tunaiona, ndiyo. Lakini mtu akitembea kwa miguu kutoka Kairo, akaufuata mto Nile mpaka Jinja, ataona rangi za watu zikibadilika kidogo kidogo. Hatakuta kijiji ambacho anaweza kusimama na kusema: hapa watu weupe wamekwisha, sasa wanaanza weusi. Mwenyezi Mungu (SW) ametufahamisha katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara Zake. Ishara husomwa ili imwelekeze mtu kwa aliyeiweka. Sisi tumeigeuza uzio.

Mtoto mmoja, kanuni nne

Kama mpaka haupo katika maumbile, basi mtoto wa mchanganyiko, huyu tunayemwita chotara, anahesabiwa wapi? Hapa ndipo wataalamu wa anthropolojia walipotufungua macho. Wanasema tusiitazame damu, tuitazame kanuni ya kuhesabu. Kila jamii ina yake.

Chukua mfano wa Sayyid Barghash aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Baba yake alikuwa Sayyid Said, Mwarabu wa Oman. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Kwa kanuni ya Oman na ya pwani yetu, mtoto hufuata baba, na mtoto wa suria ni huru mwenye nasaba kamili. Kwa hiyo Barghash alikuwa Mwarabu, tena Sultani, na hapakuwa na mjadala.

Sasa mpeleke mtu mwenye wazazi kama wa Barghash Virginia, Marekani. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 1924 ilimhesabu kuwa si Mzungu mtu yeyote mwenye asili ya Kiafrika hata iwe tone moja, na ikamkataza kuoa Mzungu. Sheria hiyo ilidumu mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta mwaka 1967. Kule mtoto alimfuata mzazi mwenye daraja la chini. Sultani wetu angekuwa mtu mweusi wa kukaa nyuma ya basi.

Mpeleke Afrika Kusini. Sheria ya mwaka 1950 iliamuru kila raia aandikishwe kwa rangi, na waliochanganyika walitengewa fungu lao. Maofisa walifikia hata kuchomeka penseli katika nywele za mtu: ikidondoka ana daraja hili, ikibaki ana lile. Mwaka 1966 mtoto wa kike aitwaye Sandra Laing, ambaye wazazi wake wote wawili walihesabiwa Wazungu, alifukuzwa shule ya Wazungu kwa sababu ya rangi na nywele zake, akaandikwa chotara. Mwaka uliofuata serikali ikamwandika tena Mzungu. Je, damu ya binti yule ilibadilika mara mbili ndani ya miaka miwili?

Halafu mpeleke Brazil, ambako mtu hutajwa zaidi kwa anavyoonekana kuliko kwa wazazi wake. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 1976, wananchi walipoachiwa waitaje rangi yao kwa maneno yao wenyewe, yalikusanywa majina zaidi ya 130. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuitwa rangi mbili tofauti.

Mtu ni yule yule na wazazi ni wale wale. Katika nchi nne anapata majina manne, na kila jina lina shule yake, ndoa yake na mshahara wake. Basi jina lile halikutoka katika damu. Limetoka kwa mwenye daftari.

Makaburi ya pwani yanasema nini?

Msomaji wa pwani ataniambia: hayo ni ya wenzetu, sisi asili yetu tunaijua. Na mimi nilikuwa hivyo. Nimekulia Kilwa nikisimuliwa habari za Ali bin Hasan aliyekuja na jahazi kutoka Shirazi. Kwa miaka mingi wasomi wa kikoloni waliishika simulizi hiyo wakasema miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni, kwa kuwa Mwafrika asingeweza. Wasomi waliokuja baadaye wakaibeza, wakasema Ushirazi ni sifa ya kubuni ya watu waliotaka ukubwa.

Mwezi Machi 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya miaka ya 1250 na 1800. Miongoni mwa miji hiyo ni Manda, Faza na Mtwapa kwa upande wa Kenya, na Kilwa, Songo Mnara na Lindi kwa upande wetu. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kenya aliyechimba magofu ya pwani kwa miaka mingi.

Walikuta nini? Wengi wa watu wale, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka Afrika, na ulitoka zaidi kwa wanawake. Sehemu kubwa nyingine, kwa baadhi yao hata zaidi ya nusu, ilitoka Asia, na hiyo ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na kiasi kidogo cha Bara Hindi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Urithi wa Uarabuni uliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500 hivi.

Nilipoyasoma haya niliona aibu mara mbili. Kwanza kwa niaba ya waliosema babu zetu walitunga uongo, maana Waajemi walikuja kweli. Pili kwa niaba yetu sisi tuliosema "Washirazi" na kufunga mlango, maana Waajemi wale walioa. Walioa kwa nani? Kwa wenyeji wa pwani hii. Wake zao ndio waliolea watoto, na lugha waliyowafundisha ni Kiswahili, lugha ya Kibantu, jamaa ya Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Wangazija. Maneno ya Kiarabu tumeyachukua kwa wingi, lakini namna tunavyounda sentensi ni ya mama. Nasaba ya baba tuliitunza kwenye karatasi, ya mama tukaizungumza kila siku bila kuitaja. Katika orodha ya mababu niliyokaririshwa utotoni hamkuwa na jina la bibi hata mmoja.

Tahadhari ni muhimu hapa. Waliochunguzwa wengi walizikwa mahali pa heshima, karibu na misikiti au katika makaburi ya kujengewa, kwa hiyo si picha ya wakulima na wavuvi wote. Wala mifupa ya Songo Mnara haimwambii mtu aliye hai leo babu yake ni nani. Wala Uislamu wa pwani haukungoja ndoa hizo: huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji walikuta msikiti mdogo wa miti na udongo wa karne ya 8. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wengi ni weusi sana, naye akawasifu kwa dini na ucha Mungu. Hakuona kwamba sifa hizo mbili zinapingana.

Daftari linapoanza kuua

Pengine utasema, kuna ubaya gani mtu kujiita atakavyo? Hapana ubaya. Ubaya huanza jina linapofungwa na mkate.

Tutazame Zanzibar. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wengi waliotoka utumwani walijiita Waswahili. Jina likashuka hadhi. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiandikisha Waswahili iliporomoka, na katika miaka iliyofuata waliojiita Washirazi wakawa wengi mno. Watu hawakuhama wala hawakufa, ni jina tu lililobadilika. Na serikali ya Kiingereza ilikuwa ikigawa mambo kwa asili, tangu viti vya Baraza mpaka chakula cha mgao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mchele na unga navyo vikawa na kabila. Mwaka 1957 chama kilipoundwa kikaitwa Afro-Shirazi, watu wakajiona wawili hata ndani ya jina la umoja wao. Mwaka 1964 wako waliouawa kwa kuhesabiwa Waarabu ambao mabibi zao walikuwa wazaliwa wa visiwa vile vile.

Na Rwanda je? Wabelgiji walifanya sensa na kutoa vitambulisho vya kabila katika miaka ya 1930, na mtoto wa ndoa ya mchanganyiko akaandikwa kabila la baba. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, aliyekuwa na baba Mtutsi na mama Mhutu alisomwa kadi yake tu. Hakuna aliyemuuliza mama yake.

Sisemi kwamba majirani zangu waliorudisha barua ni wauaji, Mungu apishe mbali. Ninachosema ni kwamba hesabu iliyotumika pale barazani penye kahawa na haluwa ni ndugu wa hesabu ile. Inamchukua mtu mzima, inafuta nusu yake, kisha inaipa daraja nusu iliyobaki.

Kisa cha Usama

Lazima niwe mkweli kwa upande wa dini pia. Uislamu unalinda nasaba. Qur'an inatuamuru tuwaite watoto wa kulea kwa majina ya baba zao halisi. Na katika suala la kafaa, yaani kulingana kwa wanandoa, wanazuoni wamekhitilafiana. Maimamu wa madhehebu yetu ya Shafi na wale wa Hanafi waliihesabu nasaba, na Imam Malik akaweka mkazo katika dini. Kwa hiyo anayeuliza nasaba hajazua kitu kipya. Lakini hata kwa walioihesabu, kafaa ni haki ambayo mwanamke na walii wake wanaweza kuiacha. Si ukuta uliojengwa na Sharia.

Kisha tutazame alichofanya Mtume (SAW). Usama alikuwa mtoto wa Zayd bin Haritha, Mwarabu aliyewahi kuwa mtumwa. Mama yake ni Ummu Ayman, mwanamke Mhabeshi aliyemlea Mtume (SAW). Kwa lugha yetu leo, Usama alikuwa chotara. Alikuwa mweusi na baba yake mweupe, na watu wakanong'ona juu ya nasaba yake. Siku moja mtaalamu wa kutambua nyayo aliwakuta baba na mwana wamelala, wamefunikwa shuka, miguu tu ikionekana, akasema miguu hii ni ya ukoo mmoja. Mtume (SAW) aliingia kwa Bibi Aisha (RA) uso ukimeremeta kwa furaha. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim.

Hakuishia hapo. Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipoposwa na wakubwa wawili wa Kikureshi, Mtume (SAW) alimshauri aolewe na Usama. Mwanzoni hakupenda. Kisha akakubali, na mwenyewe akaeleza kheri aliyoipata katika ndoa hiyo. Tazama, nasaba ya Usama ilithibitishwa na ikafurahiwa, kwa hiyo nasaba si kitu cha kudharau. Lakini haikugeuzwa bei. Nadhani tofauti yote imelala hapo: kuijua asili yako ni amana, kuipandisha juu ya ya mwenzako ni ujahili.

Kwa nini naandika

Nimemwandikia shemeji yangu barua nyingine, kwa mwandiko ule ule ambao sasa umeanza kutetemeka. Nimemwomba radhi kwa ile ya kwanza. Alinijibu kwa simu kwamba alishanisamehe siku alipozaliwa mtoto wake wa kwanza akafanana na mimi.

Wiki ijayo, Inshallah, tutarudi tena kwa wale wazee. Sitakwenda na takwimu za Lewontin wala vinasaba vya Songo Mnara. Nitakwenda na kisa cha barua yangu, nao wakicheka wacheke. Kisha nitawaomba waulize mambo matatu tu: anaswalije, anaishije na watu, na binti anasemaje? Wakikataa tena, ni haki yao na tutaendelea kuzikana. Lakini angalau watakuwa wamekataa wakijua wanahesabu nini.

Nawe msomaji, kabla posa haijabisha hodi mlangoni kwako, kaa na mama yako au bibi yako kama bado yu hai. Muulize majina ya mama zake kwenda nyuma, kwao wapi, walizungumza nini. Yaandike pembeni ya yale ya baba zako. Mimi nimechelewa, wangu wote wameshatangulia. Nimepata jina moja tu, la mama wa bibi yangu mzaa baba. Lilikuwa jina la Kingindo.

Wabillahi tawfiq.